Mkono Niliofundishwa Kuuficha

Majuma machache yaliyopita nilikuwa nimeketi mezani na binti yangu, ambaye bado hajatimiza miaka mitano, akichora nyumba yenye dirisha kubwa kuliko mlango. Alikuwa ameshika penseli kwa mkono wa kushoto. Kabla sijafikiri lolote, mkono wangu ulinyooka, ukaichukua ile penseli taratibu na kuihamishia kwenye mkono wake wa kulia, na mdomo wangu ukasema kwa upole mwingi, "Hivi, mama." Alinitazama kwa mshangao kidogo, kisha akaendelea kuchora, na mistari yake ikaanza kutetereka. Ilinichukua kama dakika nzima kutambua nilichokuwa nimekifanya. Nilipotambua niliingiwa na baridi, kwa sababu mimi mwenyewe nilizaliwa mashoto, na hakuna jambo katika utoto wangu lililonikaa moyoni kwa muda mrefu kama kuhamishiwa penseli.

Nilipoanza shule, mwalimu wangu wa kwanza alikuwa akipita kati ya madawati, na kila aliponikuta nimeshika kwa kushoto alinigonga vidole kwa rula. Hakuwa mkatili. Naamini aliniona kama mtoto aliyeanza safari kwa njia isiyofaa, naye alikuwa akinirudisha njiani mapema kabla sijaenda mbali. Nyumbani mama alikubaliana naye, akawa ananiketisha jioni nirudie herufi zilezile kwa mkono wa kulia mpaka zikae sawasawa juu ya mstari. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimebadilika, watu wazima wote walioshiriki katika kazi hiyo walifurahi, nami nilifurahi kwa kuwa wao walifurahi. Vidole vilivyogongwa viliacha kuuma siku ileile vilipogongwa. Lakini hata leo, mtu akisimama nyuma yangu ninapotia saini, mabega yangu hupanda na moyo huenda mbio, kana kwamba nimekamatwa katikati ya jambo la aibu ambalo silijui jina lake.

Lugha yetu yenyewe inahifadhi hukumu hii. Mkono mmoja tunauita wa kulia, mkono wa kulia chakula, na upande wake tunauita pia kuume, yaani upande wa kiume. Ule mwingine, katika Kiswahili cha zamani, uliitwa kuke, upande wa kike. Kwa hiyo mtoto anapojifunza tu kutofautisha pande mbili za mwili wake, huwa amekwisha kukabidhiwa, ndani ya maneno hayohayo, cheo cha kila upande. Hakuna aliyekaa akapanga kumfundisha dharau. Dharau ilikuwa imekwisha kukaa ndani ya maneno kabla hajazaliwa.

Tangu siku ile ya penseli nimekuwa nikiyafikiria maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huwa tunayachanganya: maumivu na mateso. Maumivu ni rula iliyogonga vidole. Mateso ni yale mabega yanayopanda miongo mitatu baadaye, katika chumba ambamo hakuna rula wala mwalimu. Katika mafundisho ya Buddha kuna mfano wa mtu aliyechomwa na mishale miwili: wa kwanza ni uchungu wa mwili ambao hakuna aliye hai anayeukwepa, na wa pili ni ule ambao moyo wenyewe hujichoma kwa kuulilia, kuuogopa na kuupinga ule wa kwanza. Epictetus, aliyezaliwa utumwani katika dola ya Roma na baadaye akawa mwalimu, alifundisha jambo la karibu na hilo, kwamba kinachowasumbua watu ni hukumu walizo nazo juu ya mambo, wala si mambo yenyewe. Nawaheshimu wote wawili, lakini nina swali ambalo naona hawakulikalia vya kutosha. Huo mshale wa pili ulitoka wapi? Mtoto wa miaka sita hakuutengeneza mwenyewe. Aliwekewa mkononi, akaonyeshwa namna ya kujichoma, na akapongezwa alipoweza kufanya hivyo bila kusaidiwa.

Niseme mapema kwamba sizungumzii mateso yote. Njaa haitokani na malezi ya fikra, wala ugonjwa, wala kufiwa, wala bomu linaloangukia nyumba. Kumwambia mtu mwenye njaa kwamba anateseka kwa sababu ya namna anavyofikiri ni ukatili, na nimesikia ukatili huo ukisemwa kwa sauti ya hekima mara nyingi mno. Nazungumzia sehemu ile nyingine ya mateso, ambayo naamini ni kubwa kuliko tunavyokiri: ya mtu aliyeshiba, mzima wa mwili, anayependwa na watu kadhaa, ambaye hata hivyo halali usiku kwa sababu anajiona ni pungufu.

Swali linalokuja mara moja ni hili: ni pungufu kwa kulinganishwa na nini? Ili mtu ajione amepungua lazima awe na kipimo, na hakuna mtoto mchanga aliyezaliwa na kipimo. Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Uingereza, akiandika mwaka 1651, aliamini kwamba bila mamlaka ya kuwatisha, binadamu wangeishi katika vita vya kila mmoja dhidi ya kila mmoja. Mwanafalsafa mwingine, Jean-Jacques Rousseau, mwaka 1755 aliligeuza jambo hilo. Alitofautisha kujipenda kwa aina mbili: kule kwa asili, kunakomfanya kiumbe yeyote ajitunze na kujilinda, na kule kunakozaliwa pale watu wanapoanza kutazamana, ambako mtu hawezi tena kujipenda mpaka kwanza aone amependwa zaidi ya mwenzake. Kwangu Hobbes alikosea zaidi, lakini hata Rousseau hakufika, maana alimfikiria binadamu wa asili kama mpweke anayezunguka porini akijitosheleza, na binadamu wa namna hiyo hajawahi kuwapo.

Tunajua hivyo kwa sababu watoto wamechunguzwa. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watoto wa miezi 18 walimwona mtu mzima wasiyemjua akipata shida ndogo ndogo, kama vile kuangusha kitu asichoweza kukifikia, au kushindwa kufungua kabati kwa kuwa mikono yake imejaa. Hawakuombwa chochote, wala hawakuahidiwa chochote. Kati ya watoto 24, 22 walisaidia angalau mara moja, na mara nyingi walifanya hivyo ndani ya sekunde chache. Miongo mitano kabla ya hapo, Harry Harlow katika Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwatenganisha watoto wa kima na mama zao akawapa sanamu mbili, moja ya waya yenye chupa ya maziwa na nyingine iliyovikwa kitambaa laini isiyo na maziwa. Walikwenda kwenye waya kunyonya, kisha wakarudi kukumbatia kitambaa kwa saa nyingi. Majaribio hayo yalikuwa ya kikatili kwa wanyama wale na siyatetei, lakini yalivunja imani iliyokuwa imetawala wakati huo, kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya chakula tu.

Kwa hiyo asili yetu, nijuavyo mimi, si mbwa mwitu wala mpweke wa porini. Ni kiumbe anayehitaji kushikwa, na ambaye hupata furaha katika kumfaa mwenzake. Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulisema, na ambalo lilinichukua miaka mingi kuliona: jamii haikutufinyanga kwa kupambana na asili yetu. Ilitufinyanga kwa kupitia mlango wake. Kama tungekuwa viumbe wasiojali kupendwa, hakuna ambaye angeweza kutufundisha aibu. Rula ya mwalimu wangu ingekuwa kipande cha mbao tu. Kilichonibadilisha ni uso wa mama uliokunjuka kila herufi ilipotoka vizuri kwa mkono wa kulia, na ukimya wake ilipotoka kwa mkono mwingine. Nilikuwa tayari kuuacha mkono wangu ili nisiukose uso ule, na mtoto yeyote mwenye akili angefanya vivyo hivyo.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefariki mwaka 1987, alilieleza jambo hili kwa wazo la masharti ya thamani. Mtoto anayependwa tu pale anapokuwa mtulivu, au mshindi, au msafi, au mtiifu, hujifunza polepole kwamba kuna sehemu yake inayostahili upendo na sehemu isiyostahili. Haachi kuwa na hiyo sehemu isiyostahili, anaacha kuiona. Akikasirika hujiambia hakukasirika. Akichoka hujiambia ni mvivu. Anapokuwa mtu mzima, hakuna tena haja ya mzazi kusimama mlangoni, kwa kuwa mlinzi amekwisha kuhamia ndani, naye hana likizo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kumshuku jirani au ndugu, lakini mimi siku hizi nikiisikia humfikiria huyo mlinzi.

Mlinzi huyo hafanyi kazi kwa fimbo peke yake. Anafanya kazi kwa sifa pia, na nadhani hapo ndipo wengi wetu tunaolea watoto kwa nia njema tunapodanganyika. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya katika shule ya chekechea, na watoto wa miaka mitatu hadi mitano ambao tayari walionekana kupenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi ya watoto waliahidiwa cheti kizuri chenye nyota na utepe iwapo wangechora. Wengine walichora bila kuahidiwa kitu, kisha wakashtukia wanapewa cheti hichohicho. Kundi la tatu halikuahidiwa wala kupewa. Baada ya wiki moja au mbili, kalamu ziliwekwa tena darasani bila ahadi yoyote, na watafiti wakatazama nani atazifuata kwa hiari yake. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wengine. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa na hamu. Kwa hiyo zawadi yenyewe haikuwa na sumu. Sumu ilikuwa katika kuchora kwa ajili yake, katika ule mkataba uliofanya kitu kilichokuwa mchezo kiwe njia ya kupata kitu kingine. Warneken na Tomasello waliona jambo linalofanana mwaka 2008: watoto wa miezi 20 waliolipwa kwa kusaidia walipunguza kusaidia malipo yalipokoma.

Niliposoma juu ya watoto wale wa kalamu za rangi kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda. Nilijikumbuka nikisoma kwa ajili ya alama, nikifanya kazi kwa ajili ya cheo, nikiwa mkarimu kwa ajili ya kuitwa mkarimu. Sisemi kwamba nilikuwa mnafiki, maana mnafiki anajua anachokificha. Mimi sikujua. Nilikuwa nimebadilishiwa sababu za mambo niliyoyapenda, moja baada ya nyingine, mpaka siku moja nikawa ninayafanya yote bila kupenda hata moja, nikashangaa furaha imekwenda wapi wakati nimetimiza kila nilichoambiwa kwamba kitaileta.

Kuna mifano mizito kuliko mkono wa kushoto na vyeti vya chekechea, na ningekuwa najidanganya kama ningeipita. Katika miaka ya 1940 Kenneth na Mamie Clark, mume na mke waliokuwa wanasaikolojia nchini Marekani, waliwaonyesha watoto weusi 253 wa miaka mitatu hadi saba wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Takriban theluthi mbili ya watoto walisema wangependa kucheza na mwanasesere mweupe, na wengi walimtaja yule wa kahawia kuwa ndiye anayeonekana mbaya. Kisha waliulizwa ni yupi anayefanana nao. Baadhi yao walishindwa kujibu, wakalia. Kazi hiyo ilitajwa mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mimi kila nikiukumbuka utafiti huo hubaki pale pale kwenye swali la mwisho. Mtoto wa miaka mitatu hajasoma sheria wala historia. Alikuwa amekusanya kipimo hicho kutoka katika hewa tu, kutoka katika nani anamsalimu nani kwanza na nani anashuka njiani nani apite, na tayari alikuwa anajipimia nacho.

Huko Fiji, katika jimbo la Nadroga, televisheni ilifika mwaka 1995, mahali ambapo kwa vizazi vingi mwili ulionenepa ulikuwa dalili ya mtu anayetunzwa vizuri na watu wake. Anne Becker alichunguza wasichana wa sekondari majuma machache baada ya kufika kwake, akarudi kuchunguza wengine wa rika hilohilo mwaka 1998. Mara ya kwanza hakukuwa na msichana hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apunguze uzito. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Miaka mitatu. Mwili ulikuwa uleule na chakula kilikuwa kilekile; kilichobadilika ni jicho ambalo wasichana wale walilitumia kujitazama.

Pengine mfano unaonitisha kuliko yote ni wa Samuel Cartwright, daktari wa Louisiana ambaye mwaka 1851 alitangaza kwamba watumwa waliokuwa wakitoroka walikuwa na ugonjwa wa akili, akaupa jina la Kigiriki, na akapendekeza viboko miongoni mwa njia za kuuzuia. Tamaa ya kuwa huru ilipewa jina la maradhi, na aliyeipa jina hilo alikuwa msomi aliyeheshimiwa. Namkumbuka kila ninapojiuliza kama hali fulani ya moyo wangu ni kasoro, kwa sababu swali la kwanza linapaswa kuwa: nani ananufaika nikiamini kuwa ni kasoro?

Juu ya mali na kulinganisha sitakaa sana, kwa kuwa limesemwa na wengi. Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba pale mtu anapokosa kipimo cha wazi hujipima kwa watu walio karibu naye. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu kubwa, wakakuta kwamba furaha yao haikuzidi kwa kiasi cha maana ile ya watu wa kawaida, na kwamba mambo madogo ya kila siku yaliwapa raha kidogo kuliko wengine. Ni utafiti mdogo na haupaswi kubebeshwa mzigo mkubwa. Lakini hilo la mwisho nalielewa vizuri, na si kwa sababu ya fedha: kila kipimo kinapopandishwa, vilivyo chini yake hupoteza ladha.

Linalonishughulisha zaidi ni kwa nini tunaendelea kulitii jambo hata tunapokuwa tumekwisha kuliona kwamba si kweli. Jibu bora ninalolijua lilitoka kwa Solomon Asch, ambaye miaka ya 1950 aliwakalisha watu chumbani akawaonyesha mstari mmoja na mingine mitatu, akawauliza ni upi unaolingana na ule wa kwanza. Swali lilikuwa rahisi kiasi kwamba mtu akiwa peke yake karibu hakosei kabisa. Lakini ndani ya chumba mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akipimwa. Wengine wote walikuwa wamepangwa, na katika raundi fulani walitoa kwa pamoja jibu lisilo sahihi, kwa sauti tulivu, mmoja baada ya mwingine. Takriban robo tatu ya waliopimwa walikubaliana na kosa hilo angalau mara moja. Walikuwa na macho mazima. Walikuwa wanauona mstari.

Utafiti huu husimuliwa mara nyingi kama habari ya udhaifu wa binadamu, na msimuliaji huishia hapo. Kwa maoni yangu sehemu yake iliyo bora ni ile inayofuata. Asch alipompanga mtu mmoja tu katika kundi atoe jibu sahihi, makosa yalishuka hadi robo ya yale ya awali. Zaidi ya hayo, hata mwenza huyo alipopangwa kutoa jibu ambalo nalo lilikuwa kosa, mradi lilitofautiana na la kundi, bado yule aliyepimwa alipata nafuu na kusema alichokiona. Hakuhitaji kundi la pili kubwa kama la kwanza, wala shujaa, wala hata mtu mwenye jibu sahihi. Alihitaji ukimya wa makubaliano upasuke mahali pamoja. Nguvu ya "watu watasema nini" ilikuwa inakaa katika ukamilifu wake, na ukamilifu huondoka kwa mtu mmoja.

Nililijua hilo kwa miaka mingi kama habari ya kitabuni. Juma lililofuata siku ile ya penseli, mama alikuja kututembelea, nami nikamsimulia jinsi nilivyomhamishia mjukuu wake penseli bila kufikiri. Sikuwa na nia ya kumlaumu, au tuseme nilijiambia sina. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nami nilikuwa hivyo." Nilimwuliza hivyo vipi. Akanyanyua mkono wake wa kushoto kidogo kutoka kwenye paja, kama mtu anayeonyesha kitu asichotaka kionekane na watu wengine, ingawa chumbani tulikuwa watatu tu. Alikuwa mashoto. Walimfunga mkono huo kwa kitambaa wakati wa masomo, na wenzake wakamcheka mpaka akachukia kwenda shule. "Nilikuwa nakuepusha," aliniambia. "Nilitaka kwako liishe haraka."

Nilikaa na maneno hayo kwa siku nyingi. Miaka yote ile tulikuwa mashoto wawili katika nyumba moja, kila mmoja akiamini kwamba yupo peke yake, kila mmoja akilificha jambo hilo kwa mwenzake kwa ustadi uleule. Yeye alinikanya kwa hofu yake, nami niliisoma hofu hiyo kama hukumu juu yangu. Kama jioni moja, juu ya daftari lile la herufi, angeninong'oneza tu kwamba yeye nami ni wamoja, huenda ningebadili mkono vilevile, maana dunia ya wakati ule ingenidai, lakini nisingebeba aibu. Ningekuwa na siri badala ya kasoro. Simlaumu. Hakuna aliyewahi kumnong'oneza yeye.

Baada ya mama kuondoka nilijaribu kitu ambacho kwa muda mrefu nilikuwa nikikiota: nilichukua kalamu kwa mkono wa kushoto ili niandike kama nilivyokusudiwa kuandika. Nilitarajia, nadhani, kumkuta mtu aliyekuwa akinisubiri. Herufi zilitoka kubwa, zimelala, kama za mtoto wa darasa la kwanza, na baada ya mistari mitatu vidole vilichoka. Mkono ule haukuwa umehifadhi chochote kwa ajili yangu. Ulikuwa umeishi maisha yake mengine, ukibeba mizigo, ukishikilia karatasi isisogee, ukifungua milango, na kazi ya kuandika ilikuwa imehamia upande mwingine moja kwa moja. Niliona uchungu, kisha nikaona kwamba nimekuwa nikiamini uongo mmoja mzuri sana, kwamba chini ya yote niliyofundishwa kuna nafsi safi, kamili, iliyolala ikisubiri kufunuliwa. Haipo. Mtu ni watu. Na hata macho ninayoyatumia kuchunguza malezi yangu niliyapata katika malezi, pamoja na lugha hii ninayoiandika.

Wala malezi hayaleti minyororo tu. Mwaka 1967 Steven Maier na Martin Seligman walionyesha kwamba wanyama waliopata maumivu wasiyoweza kuyazuia baadaye hukaa tu bila kujaribu kuyakwepa hata njia inapokuwa wazi, na kwa miongo mingi ilisemwa kwamba unyonge huo hufundishwa. Mwaka 2016 waandishi haohao wawili walirudi, kwa ushahidi mpya wa ubongo, wakasema walikuwa wameligeuza jambo: kutulia mbele ya maumivu ya muda mrefu ndiyo hali ya kuanzia, na kinachofundishwa ni kujua kwamba unaweza kubadili kitu. Napenda ujasiri wa watu wanaosahihisha kazi yao wenyewe baada ya karibu miaka 50. Napenda zaidi kile walichokisahihisha. Uhuru nao hufundishwa, na hufundishwa kwa njia ileile aibu inavyofundishwa, na watu walewale, mara nyingi kwenye meza ileile.

Kwa hiyo naandika bado kwa mkono wa kulia, na siutaki tena ule mwingine uniandikie. Tabia imebaki. Kilichoanza kuondoka ni hukumu iliyokuwa imeambatana nayo, na imeanza kuondoka tangu mama aliponyanyua mkono wake kutoka kwenye paja, jambo ambalo miaka yangu ya kusoma na kujichunguza peke yangu haikuwa imeliweza.

Binti yangu nilimrudishia penseli siku ileile. Nilimwomba radhi, nikamwambia nilikosea na kwamba aishike anavyopenda. Aliitazama mikono yake miwili kwa uangalifu, akachora mstari mmoja kwa kila mkono kuulinganisha na mwenzake, akachagua wa kushoto, akamaliza dirisha. Kisha akaniuliza mimi nashika kwa upi. Nilimwonyesha wa kulia. Nikamwonyesha na wa kushoto pia, nikamwambia kwamba zamani ulikuwa huu, na kwamba wa bibi yake vilevile ulikuwa huu. Hilo la bibi, kwa kweli, niliweza kumwambia juma lililofuata tu, baada ya kulijua. Alilipokea kama habari ya kawaida kabisa, akaenda kumwuliza bibi kama anaweza kuchora samaki.

Juzi nilitakiwa kutia saini hati mbele ya karani aliyesimama karibu sana na bega langu. Mabega yalipanda kama kawaida yake. Niliyaacha yapande, nikaendelea kuandika jina langu mpaka herufi ya mwisho, na nilipoiweka kalamu mezani yalikuwa yamekwisha kushuka.